Kumshonea mzee mwenye dimensia mwanasesere wa kupakata

Wengi wakianza kumshona mwanasesere wa mzee mwenye dimensia, yaani hali ya ubongo inayompotezea kumbukumbu, hukimbilia uso: kope, nywele, mashavu. Uso ni kazi ya mwisho. Kinachoifanya mikono ya bibi ijikunje yenyewe kumpokea ni uzito, pamoja na shingo isiyojishikilia. Vikikosekana hivyo, awe na sura nzuri namna gani, atawekwa kando kama mto.

Urefu wa sentimita 48 na mzingo wa kichwa wa sentimita 34 ni karibu sawa na mtoto mchanga. Uzito usilingane naye. Kilo 3 huchosha mikono ya mtu wa miaka 80, kwa hiyo lenga kilo 1.3 hadi 1.5.

Utahitaji nusu mita ya kitambaa cha fulana cha pamba, kipande cha marekani (kitambaa cha pamba kisichopaushwa), gramu 250 za pamba ya mito ya poliesta, bendeji ya kunyumbuka, uzi wa nailoni, uzi wa kudarizi, na kilo 1.1 ya kokoto laini za tangi la samaki, zilizooshwa na kukaushwa juani. Rangi ya kitambaa iwe ya watoto wa ukoo ule. Wanasesere weupe wamejaa madukani, lakini bibi hakulea watoto wa rangi hiyo. Kisugue kwanza kwa kitambaa cheupe chenye maji uone kama kinachuja.

Usijazie mchele wala maharage: yakipata unyevu huota ukungu, na fukusi hawachelewi. Mchanga wa pwani una chumvi inayovuta unyevu, tena hupenya kwenye fulana. Sufi ni laini, lakini ikilowa hufanya mabonge.

Kokoto zote zikae ndani ya mifuko ya marekani iliyopigwa mshono mara mbili: gramu 500 makalioni, 250 kichwani, 120 kila mguu, 55 kila mkono. Mfuko ujae theluthi mbili tu. Ukiushindilia unakuwa jiwe. Ukiachiwa nafasi, mwili unalegea na kujimwaga kifuani kama mtoto aliyelala.

Kichwa ndicho chenye kazi. Viringisha pamba iwe bonge gumu kama balungi, mfuko wa kokoto ukiwa upande wa kisogo. Vika bendeji, funga shingoni. Sasa zungusha uzi wa nailoni katikati ya kichwa, kaza mpaka ufanye bonde: huo ndio mstari wa macho. Kwa nyuma, uvute uzi huo ushuke kuelekea shingoni ili kisogo kiwe cha mviringo. Pua ni kibonge cha pamba cha ukubwa wa punje ya mahindi. Kisha vika kile kitambaa cha fulana, ndicho ngozi yake, mshono ukae nyuma, mnyumbuko uende kwa upana. Ukienda kwa urefu, kichwa kitarefuka kama papai. Macho yakipanda juu ya nusu ya kichwa unapata sura ya mtu mzima, na hakuna shavu litakalomrudisha uchangani.

Macho na mdomo vidarizi. Kifungo au shanga vitang'olewa na kuishia mdomoni. Macho yaliyofumbwa kabisa tunayaepuka, maana wapo wanaodhani mtoto amekufa. Yaliyokodoa nayo huwahangaisha wengine kwamba mtoto halali. Nusu-wazi, yakitazama chini kidogo, ndiyo salama zaidi.

Shingoni acha sentimita 2 bila pamba. Unganisha kwa mshono wa kujificha, uzi wa nailoni mara mbili, ukizunguka mara mbili. Kisha mshike kiwiliwili na umlaze: kichwa kianguke nyuma taratibu. Kikibaki wima, umeshindilia, fumua. Mikono na miguu haina ugumu, ila ukimaliza vuta kila kiungo kama unayeng'oa muhogo.

Mvike nguo halisi za mtoto mchanga, bila riboni, na kofia badala ya nywele. Mfunike kwa khanga iliyozeeka. Bibi akitaka kumbeba kwa mbeleko, afungiwe mbele akiwa ameketi. Uzito mgongoni unaweza kumwangusha. Wakati wa kufua, fumua mshono wa mgongoni, toa mifuko na pamba, ufue ngozi peke yake. Ni bora kushona wawili wanaofanana tangu mwanzo, mmoja akifuliwa mwingine awepo.

Zungumza na familia kabla. Aliyewahi kufiwa na mtoto anaweza kuumia upya. Wapo pia ndugu watakaoona mzee wao anadhalilishwa, na majirani watakaohisi uchawi, waelezwe mapema.

Usimtupie mapajani. Mweke kitini pale anapomwona, uulize tu, "Unamwonaje huyu, bibi?" Akimwita mtoto, nanyi mwiteni mtoto, akimwita mdoli, mwiteni mdoli. Asiyemtaka asilazimishwe. Na akigoma kula mpaka mtoto ashibe, usimpokonye. Omba: "Bibi, nikupakatie ule kidogo?" Kisha mpakate kweli, kichwa kikiwa kwenye kiwiko chako, pale anapoweza kukuona.