Somo: Jinsi ya kusoma takwimu za mchezo wa kikapu, kwa mfano wa Puerto Rico 92, Marekani 73

Wakuu, habari za leo. Juzi kijana mmoja hapa uwanjani kwetu alinibishia kwamba mchezaji bora ni mwenye pointi nyingi, basi, hakuna mjadala. Sikumlaumu. Miaka ya nyuma kwenye bonanza la mtaa nami nilimpa zawadi ya mchezaji bora jamaa aliyefunga pointi 26. Usiku nikakaa na daftari nikihesabu vijistari vya penseli, nikakuta amerusha mipira 31 ili azipate hizo 26. Zawadi yenyewe ilikuwa jozi ya soksi, lakini niliona aibu wiki nzima.

Kwa hiyo leo tujifunze kwa mchezo mmoja unaojulikana dunia nzima: Athens, 15 Agosti 2004, Michezo ya Olimpiki. Tangu wachezaji wa NBA waanze kushiriki mwaka 1992, Marekani walikuwa wameshinda mechi zote 24 za Olimpiki. Ya 25 wakapigwa na Puerto Rico kwa tofauti ya pointi 19. Kikosi kilikuwa na Allen Iverson, Tim Duncan, Dwyane Wade na LeBron James wa miaka 19. Na wiki mbili tu kabla, kwenye mechi ya kirafiki kule Jacksonville, Marekani hao hao waliwafunga Puerto Rico hao hao 96 kwa 71.

Chukua daftari na kalamu. Kikokotoo cha simu kinatosha.

Hatua ya 1: Anza na robo (vipindi vinne vya dakika 10 kila kimoja), majina ya wachezaji yaache kwanza.

Robo ya kwanza Puerto Rico 21, Marekani 20. Ya pili 28 kwa 7. Ya tatu 16 kwa 21. Ya nne 27 kwa 25.

Sasa toa robo ya pili kwenye hesabu. Zinabaki 64 za Puerto Rico na 66 za Marekani. Umeona? Kwa dakika 30 Marekani walikuwa mbele kwa pointi mbili. Mechi iliisha ndani ya dakika 10, na mapumziko walikwenda wakiwa nyuma 49 kwa 27. Ukikimbilia majina kwanza, jambo hili hulioni kabisa.

Hatua ya 2: Soma mitupo iliyorushwa kabla ya pointi.

Kwenye karatasi ya takwimu utakuta kitu kama 26/75. Namba ya kwanza ni iliyoingia, ya pili ni iliyorushwa. Hiyo ndiyo ya Marekani siku ile: mitupo 75, imeingia 26, karibu asilimia 35. Maana yake mipira 49 iligonga chuma au ikapita hewani.

Hatua ya 3: Tenga mitupo ya pointi tatu.

Hapa ndipo pa kukaa kidogo. Ndani ya ile 75, mitupo 24 ilikuwa ya pointi tatu, na iliyoingia ni 3. Tatu! Asilimia 12.5. Puerto Rico walirusha 16, zikaingia 8.

Ukitoa hizo kwenye jumla, Marekani wanabaki na mitupo ya pointi mbili 23 kati ya 51, asilimia 45. Si mbaya hata kidogo. Kwa hiyo karibu na kikapu walikuwa sawa, nje ndiko walikoumia. Na Puerto Rico walilijua hilo: walilinda kwa zoni, yaani kila mtu analinda eneo lake badala ya kumfuata mtu, wakajaza watu chini ya kikapu, wakawaachia nje warushe wanavyotaka. Kinachochekesha ni kwamba mstari wa pointi tatu wa FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, wakati ule ulikuwa mita 6.25 kutoka kikapuni, wakati wa NBA ni mita 7.24 sehemu ya mbali. Walikosa kutoka karibu kuliko walikozoea.

Lakini usifunge daftari hapa, maana wengi wanaishia kusema "wangefunga za mbali wangeshinda". Jaribu. Wape theluthi, yaani 8 kati ya 24. Mitupo mitano zaidi ni pointi 15. 73 na 15 ni 88. Bado wamefungwa.

Hatua ya 4: Sasa nenda kwa mchezaji mmoja.

Carlos Arroyo, mchezesha timu wa Puerto Rico: pointi 24, mitupo 9/16, asisti (pasi iliyozaa kikapu) 7, kupora mpira mara 4. Usizisome kama namba nne zilizotengana, ziunganishe. Kila asisti imezaa angalau pointi mbili, kwa hiyo asisti 7 ni pointi 14 kwenda juu. Jumlisha na 24 zake: ana mkono wake kwenye pointi zisizopungua 38 kati ya 92. Mitupo 16 tu ndiyo aliyotumia. Mlinganishe na yule wangu wa soksi.

Hatua ya 5: Faulo na mipira iliyopotezwa. Hizi zisome mwishoni. Kwenye sheria za FIBA faulo tano zinakutoa, kwa hiyo nyota mwenye dakika chache mara nyingi jibu lake liko kwenye safu hiyo.

Maswali ya wadau

Mdau wa Mwanza: Mkuu, naona Duncan alikuwa na pointi 15 na ribaundi (kudaka mipira iliyokosa kuingia) 16. Namba zote hizo na bado wakapigwa 19?

Jibu: Rudi hatua ya 2, kaka. Timu ikikosa mitupo 49, ribaundi zinakuwepo tele za kuokota chini ya kikapu cha mpinzani. Simpunguzii Duncan, alipambana kweli, na kwao ni St. Croix, kisiwa cha jirani tu na Puerto Rico. Ila ribaundi nyingi wakati mwingine ni dalili kwamba timu yako inakosa sana.

Dada wa Mombasa: Ahsante kwa somo. Nimejaribu na fainali ya Olimpiki ya 1972, Muungano wa Sovieti 51, Marekani 50. Safu ya pointi tatu siioni, au karatasi yangu ina kasoro?

Jibu: Haina kasoro, dada. FIBA walileta mstari wa pointi tatu mwaka 1984. Mechi za kabla ya hapo hatua ya 3 iruke. Badala yake angalia mgawanyo: Sergei Belov alifunga 20 kati ya 51 za timu yake, karibu asilimia 39 peke yake.

Mdau wa Juba: Na sisi Sudan Kusini je? London, 20 Julai 2024, tulipoteza kwa Marekani 101 kwa 100. Carlik Jones alipata tripo-dabo.

Jibu: Hongereni sana, jirani. Pointi 15, ribaundi 11, asisti 11: safu tatu zenye tarakimu mbili. Na Marial Shayok akaweka 24. Mapumziko mlikuwa mbele 58 kwa 42, kwa hiyo hatua ya 1 inakuambia kipindi cha pili kilikwenda 59 kwa 42 upande wa Marekani. LeBron yule yule wa Athens, siku hiyo akiwa na miaka 39, akamaliza na 25, pamoja na kikapu cha ushindi zikiwa zimebaki sekunde 8.

Mdau wa Mwanza: Swali la mwisho mkuu. Angola kwenye Olimpiki ya 1992 walifungwa na Marekani 116 kwa 48. Hapo kuna cha kusoma kweli?

Jibu: Kipo. Tafuta kile kipande cha mechi ambacho Marekani walifunga 46 na Angola 1 tu. Ile moja ya Angola ilikuwa mtupo huru, baada ya Charles Barkley wa Marekani kumpiga kiwiko Herlander Coimbra wa Angola. Hata katika kipande kile, pointi pekee ya Angola ilitokana na faulo, ndiyo ile safu ya hatua ya 5 niliyowaambia msome mwishoni.