PC ya gemu inachemka na fremu zinashuka? Anza hapa kabla hujatoa hela

Wadau wa Tanga, hasa nyie wa Raskazone na Chumbageni mnaokaa karibu na bahari, kaskazi ikishaingia kuanzia Desemba malalamiko ni yale yale, gemu inaanza freshi kabisa afu baada ya robo saa fremu (idadi ya picha kwa sekunde) zinaporomoka, na ushauri wa kwanza unaopewa ni ubadilishe grafiki kadi. Tulia kwanza, pima.

Shusha MSI Afterburner, programu ya bure ya kupima, weka joto la prosesa, spidi yake na fremu vionekane kwenye kona ya skrini halafu cheza kama nusu saa hivi. Unachovizia ni kimoja tu: joto likigonga kikomo, spidi inashuka hapo hapo? Maana prosesa ikizidiwa inajipunguza kasi yenyewe isiungue, Intel nyingi za mezani kikomo ni digrii 100, Ryzen (prosesa za AMD) za familia ya 5000 nyingi ni 90, na Ryzen 7000 nyingi ni 95. Ukiona joto liko 65 na bado inakwama, basi prosesa umeisingizia. Cheki joto la grafiki kadi, cheki kama ramu umechomeka kijiti kimoja tu, au Windows inajiapdeti kimyakimya huku wewe uko vitani.

Kama kweli ni joto, fungua mfuniko wa ubavuni wa kasha la PC ucheze tena. Likishuka digrii kumi hivi ujue kasha halipumui, yaani feni zote zinavuta au zote zinatoa, au umelibana kwenye kabati la TV. Za mbele ziingize hewa, ya nyuma na ya juu zitoe. Na kile kitambaa cha kufuma ambacho mama kaweka juu ya kasha lipendeze sebuleni, mwombe kwa adabu akihamishie kwenye friji.

Sasa vumbi. Huku kwetu hewa ina unyevu na chumvi, vumbi halikai unga, linagandia kwenye mapezi ya hitisinki (kile chuma kinachotoa joto kwenye prosesa) linakuwa kama tandu la ukoko, ukipuliza na bloa peke yake unatoa la juu tu. Zima, chomoa waya ukutani, bonyeza swichi ya kuwashia sekunde chache umeme uliobaki uishe, afu tumia brashi laini ya rangi, mpya, sugua taratibu ndo upulize. Feni ishike kwa kidole isizunguke ovyo, itaharibu beringi.

Pesti ya prosesa (ule ute unaopakwa kati yake na hitisinki upitishe joto) ikishakuwa kavu inapasuka pasuka, hapo badilisha. Wenye Ryzen za soketi ya AM4 (kitako cha prosesa kwenye ubao mama) sikilizeni vizuri: usiivute kula (kipozeo chote, hitisinki na feni yake) juu kwa nguvu ikiwa ya baridi! Washa mashine ipate moto kidogo, zima, chomoa, legeza skrubu, afu zungusha kula kushoto kulia mpaka iachie, la sivyo itang'oka na prosesa yake na zile pini za chini zikipinda utamtafuta fundi mwenye sindano na subira. Futa pesti ya zamani kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi, weka mpya saizi ya punje ya njegere katikati, kaza skrubu kwa mkingamo, kidogo kidogo. Kula mpya ina plastiki chini, ibandue. Zile za Intel za miguu minne ya kubonyeza, mguu mmoja usipoingia vizuri joto linaruka juu ukiwasha tu.

Kuna njia za bure kabisa pia. Skrini yako ni ya hezi 60 halafu gemu inatoa fremu 140, za nini? Zifunge kwenye 60, prosesa inapumzika mara moja. Kwenye setingi za umeme za Windows kile kiwango cha juu cha prosesa kishushe kutoka asilimia 100 hadi 99, kwenye mashine nyingi tabo (ile kasi ya ziada prosesa inayojiongezea) inazima na joto linashuka sana, fremu utapoteza kiasi ila hazitakuwa za kupanda na kushuka, mi naona hiyo bora. Wenye Ryzen mpya mpya ingieni bayosi (setingi za ubao mama kabla Windows haijawaka) muwashe eko modi, inapunguza umeme unaoliwa na prosesa.

Umefanya yote na bado inagonga kikomo mchana wa jua kali na pangaboi liko juu? Hapo sasa nunua kula kubwa ya mnara, ila pima kwanza upana wa kasha, kula nyingi za hivyo zina urefu wa milimita 150 na ushee na mfuniko unagoma kufunga.