Kabla sauti ya filamu haijapanda boti

Filamu ikihaririwa Chake Chake, Pemba, na sauti yake ikachanganywa Mji Mkongwe, Unguja, fundi wa sauti atafanya kazi na kile tu ulichomtumia. Ukisahau kitu, diski ya pili inasubiri boti.

Kwanza picha ifungwe, isiongezwe wala kupunguzwa hata fremu (picha moja kati ya zile zinazounda video) moja. Ukitoa fremu 10 baada ya faili kuondoka, kila neno linalofuata mkato huo litatengana na mdomo wa msemaji.

Kasi ya picha iwe moja tangu mwanzo hadi mwisho. Kwetu kawaida ni fremu 25 kwa sekunde. Mradi wa 24 ukifunguliwa kama 25, picha itaitangulia sauti kwa sekunde 2.4 katika kila dakika. Video za simu mara nyingi kasi yake hupanda na kushuka, basi zigeuzwe kabla hujaanza kuhariri. Sauti iwe kHz 48 (sampuli 48,000 kwa sekunde), biti 24 kwa kila sampuli.

Kisha fanya nakala ya mradi, usafishe hiyo nakala. Mazungumzo yakae traki za juu, yafuate mazingira, vishindo, na muziki chini kabisa. Vipande vilivyozimwa viondolewe, na mifuatano ya vipande iliyowekwa ndani ya mingine ifunguliwe. Vichujio vingi, yaani mabadiliko ya sauti yaliyowekwa na programu ya kuhariri, havisafiri na faili. Kama kuna sauti uliyoichezea na unaitaka ibaki hivyo, itume mara mbili, safi na iliyochezewa.

Toa faili la AAF, linalobeba vipande vya sauti na mahali pa kila kimoja hadi programu ya fundi. OMF, aina ya zamani ya faili kama hilo, hukomea GB 2. Kila kipande kiwe na sauti ya ziada pande zote mbili za mkato, sekunde 5 au fremu 125. Hapa watu hubana ili faili liwe dogo, na hapa ndipo kazi inapoharibika. Chukua mahojiano ya Forodhani: mawimbi nyuma, na adhana inaanza katikati ya jibu. Ukikata maneno, adhana nayo inaruka. Bila ile ziada fundi hana cha kufifisha, na mkato utasikika wazi. Mpe pia angalau nusu dakika ya mahali penyewe bila mtu kusema.

Video ya rejea, ya fundi kutazamia, iende na taimukodi (saa, dakika, sekunde na fremu) juu ya picha na sauti yako ya muda. Weka mlio wa kHz 1, fremu moja tu, sekunde 2 kabla ya picha ya kwanza: filamu ikianza 01:00:00:00, mlio uwe 00:59:58:00. Mwengine uwe sekunde 2 baada ya picha ya mwisho. Mlio wa kwanza ukioana kati ya video na AAF, na wa mwisho usioane, tafuta kasi iliyotofautiana.

Diski iumbizwe kwa mfumo wa exFAT, kwani ule wa FAT32 haupokei faili la GB 4 au zaidi. Tia na rekodi zote za asili, majina yasibadilishwe, fundi aweze kutafuta maiki nyengine ya mazungumzo hayohayo. Halafu chomoa diski ya mradi, fungua AAF kwenye kompyuta nyengine, sikiliza mwanzo, kati na mwisho. Faili lililobaki nyuma hujionyesha hapo.