Kuanza kuwinda koyote kwenye misitu ya Maine

Mafunzo mengi ya kuwinda koyote, mnyama wa mwituni wa jamii ya mbwa, yanatoka magharibi ya Marekani, nyika wazi ambako mnyama anaonekana akija kutoka mbali. Ukiyafuata huku Maine, jimbo la kaskazini-mashariki, kwenye misonobari iliyosongamana, utashinda umekaa na hutaona hata mkia. Msituni koyote hukunusa kabla hujamwona, na mbinu zote za hapa zinaanzia hapo.

Hatua ya 1: Sheria

Unahitaji leseni ya uwindaji ya jimbo, na kama hujawahi kuwa nayo, kwanza upite kozi ya usalama wa uwindaji. Mchana koyote huwindwa mwaka mzima. Usiku ni kuanzia 16 Desemba hadi 31 Agosti, kwa kibali cha ziada. Jumapili hakuna kuwinda. Usifyatue risasi ndani ya futi 300 za nyumba ya mtu bila ruhusa yake. Ukiona miti imepakwa rangi ya zambarau, mwenye ardhi anataka umwombe kwanza. Mimi nabisha hodi hata pasipo na rangi, na wafugaji wa kuku na kondoo mara nyingi hunikaribisha vizuri. Kanuni hubadilika, kwa hiyo soma kijitabu cha mwaka huu cha idara ya wanyamapori.

Hatua ya 2: Tafuta dalili

Nenda asubuhi baada ya theluji kuanguka. Mbwa wa nyumbani huzurura huku na huko, lakini nyayo za koyote hufuata mstari ulionyooka, kama mtu mwenye safari yake. Kinyesi chake kimejaa manyoya ya sungura, na hupenda kukiacha katikati ya barabara za magari ya magogo, hasa zinapokutana. Kagua pia kingo za vinamasi na sehemu zilizokatwa miti miaka michache iliyopita, maana sungura wa theluji wamejaa humo.

Hatua ya 3: Upepo

Hapa usiwe na haraka. Koyote huitwa kwa mlio wa kuigiza sungura anayelia, wa spika au filimbi. Akiusikia, mara nyingi haji moja kwa moja. Anazunguka mpaka upepo umletee harufu ya kile anachokisikia, ndipo aamue. Kwa hiyo chagua mahali ambapo upande unakoelekea upepo pana uwazi: barabara kuukuu, njia ya nyaya za umeme, ukingo wa kinamasi kilichoganda. Upande huo ukiwa vichaka tu bila uwazi, atakuja, atakunusa, ataondoka, na wewe utasema hapa hakuna koyote.

Beba kichupa cha poda ya mtoto. Kibinye kidogo utazame vumbi lake: linaweza kwenda kulia hatua tatu kisha likageuka nyuma ya mti. Harufu yako nayo inapita njia hiyo hiyo. Spika ya kuitia iweke pembeni, mita 30 hivi kutoka ulipo, ili anayekuja kuinusa apite kwenye uwazi wako kabla hajafikia harufu yako.

Hatua ya 4: Kuita

Anza na sauti ya chini, kwani huenda yuko karibu kuliko unavyodhani. Ita kwa nusu dakika, nyamaza, ongeza taratibu. Kaa nusu saa bila kujitikisa. Msituni huja polepole. Januari na Februari ni wakati wa kupandana, na mlio wa koyote mwenzake huwavuta kuliko sungura. Watoto huzaliwa Aprili na Mei. Sheria inaruhusu kuwinda miezi hiyo, lakini mimi siendi, na nakusihi nawe usiende.

Hatua ya 5: Kufyatua

Kwa umbali wa msituni, shotigani ya geji 12 yenye marisau makubwa inatosha. Ijaribu kwanza kwenye karatasi ujue marisau yanatawanyika kiasi gani kwa mita 35.

Usifyatulie macho yanayong'aa gizani wala kichaka kinachotikisika. Linksi wa Kanada, aina ya paka wa mwituni, naye huitika mlio wa sungura, na analindwa na sheria ya shirikisho tangu 2000. Mwindaji mwenzako pia anaweza kuunyatia mlio wako. Egemea mti mpana kuliko mabega yako, na unapotembea vaa kofia ya rangi ya chungwa.

Maswali niliyoulizwa

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi mwenye viza. Naruhusiwa kushika bunduki?*

Marahaba. Sheria ya shirikisho inawakataza wenye viza za muda, ila kuna msamaha kwa mwenye leseni halali ya uwindaji. Pata leseni kwanza, na popote uendapo na bunduki uwe nayo mfukoni. Wakimbizi waliopokelewa rasmi na wenye kadi ya kijani hawamo kwenye katazo hilo. Anayesubiri uamuzi wa ombi lake la hifadhi ya ukimbizi azungumze na mwanasheria kabla ya kugusa hata bunduki ya kuazima.

*Kaka, nilisikia amebweka mara mbili tatu hivi, kisha kimya. Vipi?*

Amekugundua. Hiyo ni sauti ya kuonya wenzake. Ondoka, paache mahali hapo wiki kadhaa, na ukirudi ingia kwa njia nyingine na mlio mwingine.

*Lazima ninunue spika? Bei zake zinatisha.*

Si lazima, ndugu yangu. Filimbi ya mdomo inaita vizuri sana. Shida yake ni kwamba macho yote yanakuja pale ulipo wewe, kwa hiyo jifiche zaidi na mikono iende polepole.

*Ngozi yake ina faida?*

Manyoya huwa mazuri kuanzia Desemba hadi mwanzoni mwa Februari. Vaa glavu unapomshika, kwa ajili ya ukurutu na kichaa cha mbwa. Ukimkuta amenyonyoka manyoya, huyo ana ukurutu. Usimchune, na usimpeleke nyumbani kwenye mbwa wako.