Bajeti ya dawa ikibanwa, fungueni leja

Fedha za dawa zinapopunguzwa, sababu inayotolewa mara nyingi ni kwamba zahanati "haikutumia sana". Mjumbe wa kamati ya usimamizi wa kituo, awe Tandahimba au Liwale, asiikubali kabla ya kuona leja, daftari la dawa zinazoingia na kutoka. Dawa isiyokuwepo haitumiki, na matumizi hayo madogo ndiyo yanayozaa oda ndogo zaidi.

Mwombeni mganga mfawidhi leja ya siku 90. Anzeni na dawa mseto ya malaria. Andikeni dozi zilizotolewa, kisha siku ambazo salio lilikuwa sifuri. Gawanyeni dozi kwa siku ambazo dawa ilikuwepo, mzidishe kwa 90. Tuseme zilitoka dozi 240 na dawa ilikosekana siku 30: 240 gawanya kwa 60 ni 4 kwa siku, na kwa siku 90 ni 360. Anayeagiza 240 anapanga upungufu wa dozi 120, halafu anauita kubana matumizi.

Msiamini salio la karatasi peke yake. Hesabuni na boksi zilizo kwenye rafu. Zilizoisha muda ni sifuri. Angalieni pia majira: hesabu ya Juni hadi Agosti haitoshi kuagizia masika, malaria inapopanda na barabara kukatika. Ilinganisheni na kitabu cha wagonjwa wa nje, MTUHA namba 5: waliokutwa na malaria wakizidi dozi zilizotoka, huenda waliobaki walitumwa duka la dawa muhimu.

Oksitosini, dawa ya kuzuia damu kutoka baada ya kujifungua, ikagueni peke yake. Inataka nyuzi joto 2 hadi 8. Gesi ya friji ikikatwa ili kuokoa fedha, kichupa kitabaki kilekile kwa macho, maji yake meupe, lebo safi, lakini nguvu imepungua na mama aliyejifungua anaendelea kutoka damu. Tunasema wazi: huo si uokoaji wa fedha.

Kusanyeni risiti za dawa na nauli za kwenda hospitali ya Ligula, Mtwara, au Sokoine, Lindi. Kaya iliyolipia mfuko wa afya ya jamii, CHF iliyoboreshwa, kisha ikanunua dawa kwa fedha zake, ina kila sababu ya kutolipa tena korosho zikiuzwa.

Hesabu iingie kwenye muhtasari wa kikao, na nakala ya ukurasa wa leja iambatishwe. Pelekeni kwa mganga mkuu wa wilaya na diwani kabla bajeti haijapitishwa, na nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa.