Somo: Saa ya chipu isiyokula umeme wala nafasi (SKY130)

Wakuu, habari za leo. Naona wengi mnabana transista za kikokotoo moja moja, halafu saa, yaani mapigo ya umeme yanayoendesha mtambo mzima, mnaichukua kama ilivyo. Somo hili ni la saa peke yake. Mfano ni SKY130, ile teknolojia ya nanomita 130 iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2020, kwa sababu mwanafunzi anaweza kuipakua bure.

Hatua ya 1: Jua kasi unayoihitaji kweli

Waya wa saa hupanda na kushuka kila pigo, chipu iwe na kazi au isiwe nayo. Umeme wake ni C × V² × f (C ni uwezo wa kubeba chaji, V ni volti, f ni masafa). Tuseme nyaya na bafa (vikuza mapigo) zote za saa zina pikofaradi 10, kwa volti 1.8. Ukipiga megahezi 100 unalipa miliwati 3.24, ukipiga 5, unalipa 0.16. Kipima joto kinachotuma namba kwa UART ya 9600 (mawasiliano ya waya, biti 9600 kwa sekunde) kinatosheka na 5, na bado kitalala muda mwingi.

Hatua ya 2: Jenga pete

Inveta ya hapa si ile ya sola. Ni transista mbili zinazogeuza 0 kuwa 1. Unganisha inveta za idadi witiri kwa duara, nayo pete itajipigia yenyewe. Moja kati yake iwe NAND (geti lenye miguu miwili ya kuingizia; ukiweka mmoja 0, pete inasimama), upate mahali pa kuizimia.

Hapa ndipo watu wengi huteleza. Husema: "Nitaongeza inveta, pete iende polepole, umeme upungue." Masafa yatapungua kweli, lakini pete itakula umeme uleule na nafasi itazidi! Fikiria mbio za kupokezana vijiti: hata timu iwe na watu kumi na watatu, anayekimbia ni mmoja tu. Kwa hesabu, masafa ni 1/(2Nt), na inveta N zote hujaa chaji mara moja kwa mzunguko, kwa hiyo N inajifuta na kubaki CV²/(2t). Cha kurefusha ni t, ucheleweshaji wa kila hatua. Anayechora transista kwa mkono abane mkondo unaoilisha inveta. Anayetumia seli za maktaba (mageti yaliyochorwa tayari) achukue `sky130_fd_sc_hd__dlygate4sd3_1`, iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchelewesha.

Pete yangu hulenga megahezi 40, naigawa kwa 8 pale pale mlangoni, kabla mapigo hayajasambaa kwenye chipu.

Hatua ya 3: Achana na kapasita kubwa

Pete peke yake huyumba, kwa hiyo wengi huifunga kwa PLL, saketi inayolinganisha saa na kipimo cha nje. PLL ya analogia inahitaji kichujio, na kichujio kinahitaji kapasita. Kapasita ya MIM (bamba mbili za metali zenye kihami katikati) ya SKY130 hubeba takriban femtofaradi 2 kwa kila mikromita ya mraba. Ukitaka pikofaradi 100, umeshakula mikromita za mraba 50,000. Kigae kimoja cha Tiny Tapeout (mradi unaokusanya michoro midogo ya watu wengi kwenye chipu moja) ni kama 160 × 100, yaani 16,000. Vigae vitatu vimekwisha na bado hujaweka hata geti moja.

Mimi nafanya hivi: naleta kutoka nje mapigo ya 32,768 kwa sekunde, ya kristali ya saa ya mkononi. Ndani, kaunta ya biti 8 inahesabu mapigo yangu (yale yaliyokwisha kugawanywa kwa 8) katika kila pigo moja la kristali. Lengo ni 153, kwa sababu 153 × 32,768 ni megahezi 5.01. Ikizidi, ongeza seli moja ya kuchelewesha kwenye pete. Ikipungua, iruke moja. Kosa la hesabu moja ni asilimia 0.65, na UART inalivumilia. Mapigo ya kristali yapitishe kwanza kwenye flipu-flopu mbili (seli zinazoshika biti moja hadi pigo lijalo), la sivyo kaunta itasoma upuuzi siku usiyoitegemea.

Hatua ya 4: Funga saa pasipo na kazi

Mara ya kwanza niliandika `assign clk_g = clk & en;` nikajiona fundi. Simulesheni ya kawaida ilipita vizuri. Nilipoweka ucheleweshaji halisi wa mageti, kaunta ikaanza kuruka namba: `en` ilibadilika saa ikiwa juu, kikatoka kipigo chembamba kama sindano. Tumia seli `sky130_fd_sc_hd__dlclkp_1`, yenye lachi (kishikio cha biti) ndani. Inasubiri saa ishuke ndipo ikubali amri. Tena seli hiyo moja kwa rejista ya biti 8 inakuondolea maksi nane (swichi za kuchagua data mpya au ya zamani) za kushikilia data, kwa hiyo unaokoa nafasi pia.

MASWALI

Mkuu, pete yangu imepotea. Nimeweka inveta 13, ripoti inaonyesha moja.
Yosys, programu inayogeuza msimbo wako kuwa mageti, imeona unageuza na kugeuza tena, ikafuta. Weka seli kwa majina yake na uongeze `(* keep *)`. Kwenye simulesheni pia zipe ucheleweshaji, la sivyo muda hautasogea na kompyuta itaganda.

Mwalimu, MIM si inakaa juu ya transista? Kwa nini unasema inakula nafasi?
Swali zuri. Ni kweli, iko kati ya metali ya 3 na ya 4, na chini yake unaweza kuweka mageti. Ila unapoteza njia za nyaya katika tabaka hizo, na kelele za mageti hupanda hadi kwenye kichujio ulichokiweka kwa ajili ya utulivu. Kwa mradi wa kwanza sishauri.

Joto likipanda je?
Pete huyumba. Kati ya kona ya polepole na ya haraka (hali za mwisho za utengenezaji, volti na joto) usishangae kuona tofauti ya mara mbili au zaidi. Ndiyo maana seli za kurekebishia ziwe nyingi, na urekebishaji uendelee hata baada ya kuwasha.

Naweza kutumia hii kwa redio?
Hapana, kaka. Kingo za pete hutetemeka mno. Redio inataka koili, na koili ndiyo mla nafasi kuliko wote.

Kwa nini nisilete tu megahezi 5 kutoka nje?
Lete. Kama bodi yako tayari ina osileta (kitoa mapigo), hatua ya 2 na ya 3 huzihitaji. Anza na ya 4.