Kabla ya Kupokea Miche, Hesabu Visiki Vyako

Mwezi wa kumi na moja, mvua zikiwa bado hazijaanza, ingia kwenye shamba lako la mtama uchutame. Ukiwa umesimama utaona vumbi na mabua tu. Ukichutama utaviona vichaka vya kijani vinavyofika gotini, vimetafunwa na mbuzi hadi vimekuwa kama mto wa kulalia. Kwangua udongo chini ya kimojawapo, utakuta kisiki kipana kama sahani. Huo ni mti. Pengine aliukata baba yako, lakini mizizi yake ingali hai huko chini, inafikia unyevu ambao mche wa kwenye kiriba, yaani mfuko wa plastiki wa kuoteshea, utachukua miaka kuufikia.

Nawaambia haya wakulima wa Kongwa, Chamwino, Mpwapwa na kwingineko kwenye ukame kama wetu, ambako miradi ya mazingira huja na gari lililojaa miche. Miche siipingi. Lakini Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, kisha kiangazi cha zaidi ya miezi sita. Mche uliopandwa Januari, ukifika Septemba bila mtu wa kuumwagilia, mara nyingi umeshakauka, na inauma kuona kina mama waliobeba maji kichwani wiki za mwanzo wakibaki na viriba vitupu.

Jambo hilihili lilimkuta Tony Rinaudo, Mwaustralia aliyesimamia mradi wa kupanda miti Maradi, nchini Niger. Miche yake mingi ilikuwa ikifa. Mwaka 1983 alisimamisha gari ili apunguze upepo kwenye matairi kabla ya kuingia mchangani, akasogelea kichaka kimoja na kutambua kuwa ni mti uliokatwa unaochipua upya. Akawageukia wakulima na kuwaomba watunze machipukizi yaliyokuwamo tayari mashambani mwao. Miaka 20 na zaidi baadaye, eneo la Niger lililorudiwa na miti kwa njia hii lilikadiriwa kufika hekta milioni 5. Hapa kwetu tunaiita Kisiki Hai, na mashirika ya LEAD Foundation na Justdiggit, hili la pili la Uholanzi, yamekuwa yakiieneza katika vijiji vya Dodoma.

Kazi yenyewe ifanye kiangazi. Kisiki kimoja kinaweza kuwa na machipukizi zaidi ya 10, yote yakigombania chakula kilekile. Bakiza 2 au 3 yaliyonyooka, manene, yaliyotoka chini karibu na ardhi, kwa sababu yaliyoota juu ya kisiki hung'oka kirahisi kwa upepo. Mengine yakate. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: panga butu, linapigwa kutoka juu kwenda chini, gome linachanika hadi kwenye kisiki, na pale palipochanika panaanza kuoza. Noa panga, kata kutoka chini kwenda juu. Kisha ondoa matawi ya pembeni kwenye nusu ya chini ya kila chipukizi ulilobakiza. Nusu ya juu usiiguse, majani yale ndiyo jiko la mti. Matawi uliyokata yatandaze shambani yafunike udongo, au wape mbuzi huko huko zizini.

Halafu funga kitambaa chenye rangi kali. Kitambaa hiki kinamwambia mchungaji, na kijana anayelima kwa maksai, kwamba kichaka hiki kina mwenyewe. Rudi kila baada ya miezi 3 hivi, maana kisiki kitatoa machipukizi mapya na ukiyaacha yatarudisha kichaka kilekile.

Kwenye shamba la nafaka, visiki 15 kwa ekari vinatosha kuanzia. Ukiwa na mti wa mpogoro (Faidherbia albida), uutunze kuliko yote: hupukutisha majani wakati wa mvua, hivyo hauunyimi mtama jua, na kiangazi huwapa mifugo kivuli na maganda ya kula.

Tatizo gumu ni mifugo, na hilo mtu mmoja halimalizi kwa panga. Mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma), uliosaidiwa na Sweden, uliondoa mifugo yote kwenye maeneo yaliyomomonyoka ya Kondoa mwaka 1979. Uoto ulirudi kweli, lakini kaya zilikosa maziwa na samadi. Mimi nashauri njia ya makubaliano: wafugaji wawepo tangu kikao cha kwanza, halmashauri ya kijiji iandae sheria ndogo ya malisho, mkutano mkuu uijadili, kisha ipelekwe wilayani ikapitishwe.

Kwa hiyo mradi ukija kijijini na kuuliza mnahitaji nini, ombeni mikasi ya kupogolea, mafunzo yatakayofanyika shambani, majiko banifu yanayotumia kuni kidogo, na msaada wa kuendesha vikao hivyo vya malisho. Wakileta mkataba wa hewa ukaa, yaani wa kuwalipa kwa hewa ukaa inayonyonywa na miti yenu, usitie dole gumba siku hiyohiyo. Uliza unadumu miaka mingapi, kaya inapata kiasi gani na lini, na kama utaruhusiwa kukata kuni au kubadili matumizi ya shamba. Majibu yaandikwe kwa Kiswahili, yasomwe mbele ya mkutano wa kijiji, na nakala moja ibaki nyumbani kwako.

Wiki hii anza na visiki vitano vilivyo karibu na nyumba, unakoweza kuwaona mbuzi wakija.